Nani atalipia lifti mwaka wa ishirini?

Ndugu Mhariri,

Kurasa za matangazo siku hizi zimejaa picha za maghorofa ambayo bado hayajajengwa. Bwawa la kuogelea la buluu, vioo kuanzia sakafuni hadi darini, bei "ya kuanzia", na ahadi kwamba mnunuzi atalipa kidogo kidogo. Namba moja tu huwa haipo: fedha za kubadilisha lifti jengo likifika umri wa miaka 20 zitatoka wapi. Waendelezaji milki wengi, yaani wanaojenga nyumba ili waziuze, hawaiandiki kwa sababu hawajawahi kuipigia hesabu. Naomba nafasi niipige hapa, maana kampuni inayotaka kuwa bado inajenga mwaka 2050 inapaswa kuijua kabla ya kuchimba msingi.

Tuchukue jengo la ghorofa 10 lenye apatimenti 40, karibu na bahari. Bei nitakazotumia ni za mfano. Mwenye jengo aweke zake. Lifti mbili za shilingi milioni 120 kila moja, zikidumu miaka 20, ni milioni 12 kwa mwaka. Rangi ya nje na kuziba nyufa za plasta, milioni 60 kila baada ya miaka 6, ni milioni 10. Kuzuia maji kwenye paa la zege, milioni 48 kila miaka 12, ni milioni 4. Jenereta la milioni 140 la miaka 20, milioni 7. Pampu za maji na za zimamoto, milioni 32 kila miaka 8, milioni 4. Kamera, vitambua moshi na mageti, milioni 45 kila miaka 15, milioni 3. Jumla ni milioni 40 kwa mwaka. Gawanya kwa nyumba 40, kila nyumba inadaiwa milioni moja kwa mwaka, yaani kama shilingi 83,000 kwa mwezi. Hiyo ni akiba tupu. Mlinzi, msafishaji, dizeli, umeme wa korido na fundi wa lifti anayekuja kila mwezi hawajaingia bado.

Kinachofanyika kwa kawaida ni hiki. Ofisi ya mauzo inapanga ada ya huduma, ile ambayo kila nyumba huchangia kuendesha na kutunza jengo, iwe ndogo ili isimtishe mnunuzi. Mimi huiita ada ya chambo. Miaka miwili ya mwanzo inatosha kweli: lifti ni mpya, pampu zina dhamana, rangi inang'aa, na mwaka wa kwanza mkandarasi bado yuko ndani ya kipindi cha kurekebisha kasoro, ambacho mara nyingi ni miezi 12. Mwaka wa tatu dhamana zimeisha, ada inalazimika kupanda mara mbili, na wakazi wanaona wametapeliwa. Wanagoma kulipa. Fundi wa lifti anaacha kuja kwa sababu anadai, lifti moja inakufa, inayobaki inabeba mzigo wa mbili na kuchakaa haraka. Kufikia hapo wapangaji wa ghorofa za juu wanahama na kodi inashuka. Mwendelezaji mwenye nyumba 9 ambazo hajauza ndani ya jengo hilohilo hawezi tena kuziuza kwa bei yake.

Na nyumba hizo 9 ndizo mara nyingi zinazoua mfuko wa matengenezo. Mwendelezaji hujiona hana sababu ya kulipia nyumba tupu. Lakini lifti haijui kuwa nyumba ni tupu, wala paa halijui. Nyumba 9 kati ya 40 zisipochangia, mfuko unakosa zaidi ya asilimia 22 ya mapato yake tangu siku ya kwanza. Kanuni iwe rahisi: siku jengo linapokabidhiwa, nyumba ambayo haijauzwa inalipiwa na aliyejenga, ada kamili, bila punguzo.

Akiba haiozi, wahenga walisema, ila shilingi hupungua nguvu. Fedha za matengenezo makubwa zisikae kwenye akaunti ileile ya kulipia mlinzi, kwa sababu zitaliwa mwezi wa kwanza dizeli itakapopanda. Zifunguliwe akaunti yake, ziwe na watia saini watatu, na sehemu isiyohitajika karibuni inunue hati fungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, za miaka 2 au 5 zitakazoiva karibu na mwaka wa kazi. Hesabu ipigwe upya kila baada ya miaka 3 kwa bei za wakati huo. Tanzania tuna Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008, inayompa mnunuzi hati ya sehemu yake na kuweka maeneo ya pamoja chini ya umiliki wa wote. Kenya waliandika upya ya kwao mwaka 2020. Sheria hizo zinampa mkazi kiti kwenye kikao. Fedha za mfuko atazitoa mwenyewe.

Anayeona haya ni maneno ya woga aangalie Surfside, Florida. Jengo la Champlain Towers South, ghorofa 12, nyumba 136, ufukweni kabisa, lilijengwa mwaka 1981. Mwaka 2018 mhandisi aliandika kuhusu uharibifu wa zege, na makadirio ya kazi yalikuwa kama dola milioni 9. Wamiliki walibishana. Kufikia 2021 gharama ilifika dola milioni 15, wastani wa zaidi ya dola 110,000 kwa kila nyumba, na akiba iliyokuwepo haikuwa hata sehemu ya kumi ya kiasi hicho. Usiku wa 24 Juni 2021 sehemu ya jengo ilianguka ikaua watu 98. Chumvi ya bahari inayokula nondo haikuwa kisa peke yake, kwa maana wachunguzi wameonyesha pia udhaifu wa usanifu kwenye slabu ya eneo la bwawa. Lakini ile miaka mitatu ya kubishana ilichangiwa na mfuko usiotosha. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria inayozilazimu jumuiya za majengo ya ghorofa tatu na kuendelea kupima akiba inayohitajika kwa mhimili wa jengo, na kuziondolea uhuru wa kupiga kura ya kutochanga.

Nimetaja chumvi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pwani yetu inapoumia.

Nondo ndani ya zege hailiwi kwa sababu saruji huizungushia alkali inayoikinga. Chumvi ikipenya hadi kwenye nondo, kinga huvunjika hata kama zege kwa nje linaonekana zima. Kutu nayo huhitaji nafasi mara mbili hadi sita ya ile ya chuma kilicholiwa, kwa hiyo hulipasua zege kutokea ndani. Kwanza utaona mstari wa rangi ya chai chini ya roshani, kisha ufa unaofuata nondo, halafu kipande kinadondoka juu ya gari la mtu.

Mchoro wa mhandisi unasema pawe na milimita 40 au 50 za zege kati ya nondo na hewa ya nje. Saiti ni habari nyingine. Biskuti, vile vijipande vya zege vya kuinulia nondo, zimeisha tangu jana, fundi anaweka kokoto. Asubuhi ya kumwaga, watu 20 wanapita juu ya nondo na ndoo mabegani, kokoto zinateleza, nondo inalala juu ya mbao. Zege likishamwagwa hakuna tena wa kuthibitisha. Mbao zikifunguliwa utaona nondo zimejichora darini kama mistari ya daftari, na fundi wa plasta anaitwa upesi azifunike. Plasta hiyo haihesabiki kuwa kinga. Biskuti zinazotosha slabu nzima zinaweza kutengenezwa saiti wiki moja kabla, kwa mchanganyiko uleule wa zege, zikamwagiliwa kama zege lingine. Gharama yake ni ndogo kuliko chakula cha mchana cha siku ya kumwaga. Hata ukiamua kuongeza unene wa milimita 20 kwenye slabu ya mita za mraba 400, umeongeza mita za ujazo 8 za zege, na uzito ambao mhandisi atauingiza kwenye hesabu zake mapema. Linganisha na kuja kubomoa roshani 40 baadaye, watu wakiwa ndani, jukwaa la mabomba likizunguka jengo kwa miezi.

Maji ndiyo kosa linalofuata. Kwa zege la pwani, uzito wa maji usizidi karibu asilimia 45 ya uzito wa saruji: mfuko wa kilo 50 unataka lita 22 na nusu, ukiwemo unyevu uliomo kwenye mchanga. Zege linapoanza kukaza kabla ya kumalizika, jawabu la saiti ni kumimina ndoo nyingine ya maji. Yale maji ya ziada hukauka na kuacha vitundu, na vitundu ndiyo njia ya chumvi. Mchanga wa ufukweni usiooshwa, na maji ya kisima yenye chumvi yanayotumika kuchanganyia au kumwagilia, huileta chumvi ndani moja kwa moja bila kungoja upepo wa bahari. Kisima kinachoonja chumvi mdomoni kisiguse zege lenye nondo. Kumwagilia kuendelee siku 7 kwa uchache, magunia yakiwa yamelowa mchana kutwa.

Halafu kuna vipimo. Kila siku ya kumwaga huchukuliwa sampuli, vipande vya zege vya mchemraba wa milimita 150, vya kuvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Kwenye saiti nyingine kuna zege la jengo na zege la mtihani, lililochanganywa pembeni kwa saruji ya kutosha. Mwendelezaji akiridhika na karatasi hiyo anajidanganya mwenyewe, kwa kuwa jengo litabaki na jina lake. Mhandisi mshauri achague mwenyewe toroli la kuchukulia sampuli, bila kutangaza, na alipwe na mwendelezaji, si mkandarasi.

Mabomba nayo. Njia ya bei rahisi kwa mkandarasi ni kushusha bomba la wima kwa kila bafu na kila jiko, kutoka tangi la juu hadi chini. Nyumba moja inaishia kupokea maji kutoka mabomba matatu. Mita ya maji ya kila nyumba haiwezekani tena, labda mita tatu kwa kila nyumba au kuvunja vigae. Bili ya jengo inagawanywa sawasawa. Mkazi mmoja anayeishi peke yake analipa sawa na familia ya watu wanane, anagoma, jirani anamfuata, na siku moja jengo zima linakatiwa maji, waliolipa na wasiolipa. Dawa ni ya siku ya kuchora: bomba moja kubwa kwenye shimo la huduma koridoni, tawi moja kwa kila nyumba, mita na koki kwenye kabati linalofunguka bila kuingia ndani ya nyumba. Kwenye umeme, Luku, mita ya kulipia kabla, ya kila nyumba tumezoea. Kwenye maji bado tunacheza, na ugomvi mwingi wa wakazi huanzia hapo.

Kuhusu nishati nitasema machache. Dar es Salaam iko kama nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua la jioni linapiga ukuta wa magharibi moja kwa moja. Ukigeuza upande mrefu wa jengo uangalie kaskazini na kusini, ukatoa kivuli cha sentimita 90 juu ya madirisha, umempunguzia mpangaji bili ya kiyoyozi kwa maisha yote ya jengo bila kununua mtambo wowote. Ukuta wa vioo unaotazama magharibi ni mzuri kwenye picha ya tangazo. Jenereta la kVA 200 likibeba robo tatu ya mzigo hunywa kama lita 30 hadi 35 za dizeli kwa saa; kwa hiyo nguvu ya jua ielekezwe kwanza kwenye pampu za kupandisha maji mchana na taa za korido, ambako faida huonekana mapema. Faida ya maji ya mvua nayo isikuzwe kupita kiasi: paa la mita za mraba 400, kwa mvua ya milimita 1,000 kwa mwaka na upotevu wa asilimia 20, linatoa lita 320,000. Kwa nyumba 40 hayo ni lita 8,000 kila moja kwa mwaka. Yatasafisha korido na kumwagilia bustani. Anayewaambia wanunuzi kwamba yataondoa haja ya bomba la mtaani hajui kugawanya.

Sasa fedha za kampuni yenyewe. Mchezo unaojulikana ni huu: malipo ya awali ya wanunuzi wa mradi wa kwanza yananunua kiwanja cha mradi wa pili, na malipo ya mradi wa pili yanamalizia wa kwanza. Soko likichangamka, mwenye kampuni anaonekana bingwa. Mauzo yakilala miezi mitatu, saiti mbili zinasimama kwa pamoja. Riba haisimami. Mkopo wa shilingi bilioni 4 kwa riba ya asilimia 16 ni milioni 640 kwa mwaka, zaidi ya milioni 53 kila mwezi. Kuchelewa miezi sita ni milioni 320, na nondo zilizoachwa wazi zinanyeshewa masika nzima. Evergrande ya China ilikuwa kubwa kuliko kampuni zetu zote zikijumlishwa, ikaishi kwa mtindo wa kuuza nyumba ambazo hazijajengwa na kukopa juu yake, ikashindwa kulipa madeni mwaka 2021, na Januari 2024 mahakama ya Hong Kong ikaamuru ifilisiwe ikiwa na madeni ya zaidi ya dola bilioni 300.

Dubai waliweka sheria mwaka 2007 kwamba fedha za wanunuzi zikae kwenye akaunti ya mradi husika, na asilimia 5 ibakizwe mwaka mzima baada ya kumaliza, kwa ajili ya kasoro. India, kwa sheria yao ya 2016, asilimia 70 ya malipo ya wanunuzi lazima ikae kwenye akaunti ya mradi huo, na kasoro za mhimili wa jengo zinabaki juu ya mwendelezaji kwa miaka 5. Mwendelezaji wa hapa kwetu anaweza kufanya hivyo kwa hiari yake kesho asubuhi: akaunti moja kwa mradi mmoja, benki itoe fedha kwa hati ya mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupima kazi na gharama za ujenzi, asiyeajiriwa na kampuni, hatua kwa hatua, msingi, kila slabu mbili, kuezeka, kumalizia. Itamchelewesha kununua kiwanja kingine. Ndiyo maana yake.

Kwenye viwanja wengi wamekwisha jifunza kwa machungu, kwa hiyo nipite haraka. Upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati ufanyike kabla ya malipo na urudiwe siku ya kusaini. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto, na waliobomolewa nyumba bonde la Mto Msimbazi, Dar es Salaam, Desemba 2015 hawakuokolewa na risiti. Waulizwe pia majirani maji ya masika yalifika wapi ukutani. Alama huwa bado ipo.

Kampuni isiuze kila kitu. Ibakize maduka ya chini na nyumba chache za kupangisha, kiasi kwamba kodi yake inalipa mishahara ya ofisi hata mwaka ambao haijauza nyumba. Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa 1962, lina wapangaji kabla ya kuwa na wanunuzi, na hilo ni tofauti kubwa soko linapolala. Anayebakiza nyumba ndani ya jengo lake pia hujenga tofauti, maana roshani itakayodondoka ni yake.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Gazeti lako linachapisha matangazo haya na kulipwa, hakuna ubaya. Lakini fomu ya tangazo la nyumba inaweza kuwa na mistari mitatu ya lazima: ada ya huduma kwa mwezi ni kiasi gani, kati yake kiasi gani kinakwenda kwenye akiba ya matengenezo makubwa, na malipo ya awali ya mnunuzi yanashikwa kwenye akaunti ya nani. Mwendelezaji asiyejaza mstari wa pili, achapiwe hivyohivyo ukiwa wazi.

Mkadiriaji majenzi,
Dar es Salaam